Maiki Isiyo na Swichi

Dina aliteremka Tanga kutoka Lushoto siku ya Jumanne kununua maiki, kwa kuwa ile yake ya zamani ilikuwa imemtia aibu kwenye harusi mbili. Ilikuwa ya waya. Msemaji akisahau na kuondoka, kamera ilimfuata nusura ianguke. Na sasa alikuwa amepewa kazi ya maana. Chama cha wastaafu wa misitu kilitaka filamu ya Mzee Cosmas, aliyepanda na kulinda miti ya msitu wa Magamba kwa miaka thelathini na minne. Huyo hakuwa mtu wa kuhojiwa akiwa kitini. Alizungumza akitembea.

Fahadi, muuza vifaa, aliweka maiki mbili juu ya kabati la kioo. Zote ndogo kama punje ya harage, za kubana kwenye kola, zote bila waya.

"Tofauti ni moja, dada. Hii, kisanduku chake cha mfukoni kina swichi. Aliyeivaa akitaka faragha anazima mwenyewe. Hii nyingine haina. Mpaka uizime wewe, kwenye kamera."

"Wazee hupapasa mifuko," alisema Dina. "Atazima bila kujua, nirudi nyumbani na picha bubu. Nipe isiyo na swichi."

"Sawa. Ila kumbuka kwamba inasikia. Yeye atasahau."

Alhamisi asubuhi alipanda Magamba. Baada ya shikamoo na marahaba, alimbana mzee maiki ndani ya kola, sufu ya sweta isiikwaruze. Mzee Cosmas alitangulia msituni, mkewe Mama Efrazia nyuma yake na kikapu. Mzee alieleza vizuri: huu mkulo, ule ulipona moto. Mara mojamoja alisimama kimya mbele ya mti. Mkewe alisogea kama anayemnyoosha sweta, kisha mzee akautaja. Dina aliona ni mapenzi ya uzeeni tu.

Mchana wazee wale wakaenda kupumzika nyuma ya kona. Kamera ilibaki ikirekodi miti mitupu, na Dina alikuwa bado na hedifoni masikioni. Akasikia Kishambaa, lugha ya mama yake; mzee alikuwa akimwuliza mkewe.

"Mama Alphonce, ule wa mwisho umeniambia unaitwaje?"

"Mshai."

"Mshai. Na niliupanda mwenyewe. Majina yananitoka. Juzi nilisimama njia panda, nisijue nyumba yangu iko upande gani. Usiwaambie watoto."

"Sitawaambia."

Dina angeweza kuvua hedifoni. Angeweza kuzima. Alisimama pale pale, na kidole chake kikaongeza sauti kidogo.

Wakati wa kuhariri aliyatoa maneno yale, akayarudisha, akayatoa tena. Hakuwahi kurekodi kitu kizuri namna ile. Alijiambia ataomba ruhusa. Akampigia Mama Efrazia mara moja. Simu haikupatikana, mtandao wa kule juu unasumbua. Hakupiga tena. Aliyaweka juu ya picha ya miti mitupu, na tafsiri ya Kiswahili chini yake.

Filamu ilionyeshwa Lushoto Jumamosi ya wiki iliyofuata, ukumbi umejaa. Mzee na mkewe walikaa mbele pamoja na Alphonce, mtoto wao wa kwanza, aliyepanda kutoka Magoma. Maneno yale yalipofika, minong'ono ilikatika. Wanawake wawili walijifuta machozi. Dina, aliyesimama nyuma, alijisikia fahari kwa muda mfupi sana. Kisha akamwona mzee akigeuka. Hakumtazama yeye Dina. Alimtazama mkewe.

"Umewaambia," alisema.

Dina alikimbilia mbele kumweleza habari ya maiki. Mzee alimsikiliza kwa adabu. "Lakini wewe ulikuwa mbali, mwanangu," akasema. "Tulikuwa wawili tu."

Alphonce alimshukuru Dina mlangoni. Bila yeye wasingejua, alisema. Kabla mwezi haujaisha aliwahamishia wazazi wake Magoma, kwenye joto, ambako baba yake asingepotelea msituni.

Ilipita miezi minne ndipo Dina akapata ujasiri wa kwenda huko. Alichukua viazi na karoti, akamkuta mzee barazani, amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Lushoto."

"Lushoto," alisema mzee kwa upole. "Nina watu huko."

Mama Efrazia alikuwa uani akimenya mihogo. Dina alichuchumaa karibu yake, akasema amekuja kuomba radhi. Mama hakuacha kumenya.

"Mimi nimeshakusamehe. Na mzee amekusahau. Lile la ukumbini ndilo hajalisahau." Alitumbukiza muhogo kwenye beseni. "Zamani likimtoka jina, aliniuliza. Siku hizi haniulizi. Ananyamaza tu."

Palikuwa na kisu kingine kando ya beseni. Dina akakichukua, akavuta muhogo, wakaendelea kumenya.