Imeli Moja ya Mtaa Mzima

Uvumi wenyewe niliusikia bombani: simu feki zote zitazimwa mwezi wa sita, na ikizimwa yako, vyote vilivyomo vinakwenda nayo. Kudra, jirani yangu hapa Chang'ombe, akautia chumvi. Eti kuna mama huko Busi simu imemfia mkononi, picha za marehemu mwanawe zikapotea zote.

"Na hiyo yako ya kupangusa, Mwanahawa, hata kipofu anajua ni feki," akaniambia. Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, lakini maneno yale nililala nayo na kuamka nayo.

Mwenzangu unayesoma, mimi sikuogopea picha. Niliogopea namba moja. Binti yangu Salwa alikuwa amemkimbia mumewe, Hanifu, baada ya kuvunjwa mkono mbele ya mtoto wao. Nilimficha kijijini Mlali, kwa Dorothea, niliyesoma naye mpaka darasa la saba. Hanifu aliapa kwamba akimpata hatamrudisha mzima. Salwa akanunua laini mpya, na namba yake ikakaa ndani ya simu yangu tu. Kwenye karatasi niliogopa kuiandika, maana Hanifu alishaipekua nyumba yangu mara mbili, mpaka ndani ya debe la unga. Kichwani haikukaa, kila nikiikariri, tarakimu zinapishana. Simu ikizimwa, na ya Dorothea ikipotea humohumo, nitampata wapi mwanangu?

Nikaenda kwa Rehani, fundi simu wa mtaa wetu.

"Shikamoo mama. Umekuja na ugonjwa gani leo?"

"Marahaba. Nataka majina yangu yasipotee."

"Hilo tu? Nakuwekea hewani."

"Hewani wapi, baba?"

"Hewani tu, mama. Hata simu ikitumbukia chooni, majina yako yapo. Ukinunua nyingine, yanashuka yenyewe, mradi una imeli."

"Na imeli mimi sina."

"Nakuwekea mimi. Na neno la siri usihangaike nalo, ninalo."

Nikamshukuru. Nikamwombea hata dua.

Siku ya tatu nikanunua simu nyingine, ya kweli, nikampelekea. Akabonyeza, akanirudishia. Nikakaa kwenye kibao nje ya duka lake nikitazama majina yanavyoshuka. Mwanzo nilifurahi. Kisha nikaona hayaishi. Mimi nilikuwa na majina sitini, haya yalipita mia nne. Babu Mchanga. Fundi Bomba Mlevi. Usipokee Huyu. Nikadhani nimepewa simu ya mtu.

Nikashuka mpaka herufi ya M. Pale palikuwa na "Mama Mkwe". Sijui kwa nini niligusa. Namba iliyotokea ilikuwa yangu mimi.

Chini yake, "Mke Wangu": ile namba ya zamani ya Salwa, aliyoitupa. Haya yalikuwa majina ya Hanifu. Nikakimbilia herufi ya S. Na jina nililoliweka mimi lipo, kama nilivyoliandika mwenyewe ili nisisahau: "Salwa Mlali kwa Dorothea".

Nikaingia dukani. "Rehani, umenichanganya na watu?"

"Aa, mama, hiyo ni imeli ya duka. Watu hawana imeli, na wakifunguliwa wanasahau neno la siri. Nawawekea hiyohiyo moja."

"Watu wangapi?"

"Mtaa mzima, mama!"

"Na Hanifu?"

"Mkweo? Simu yake aliinunua hapahapa. Tena jana alipita, ananiuliza majina mapya yanatoka wapi. Nikamwambia ndiyo mambo ya mtandao hayo." Akawa anacheka. Aliponitazama usoni akaacha.

"Futa," nikamwambia. "Futa jina la Salwa."

"Nikifuta hapa, kwake nako litafutika akiwasha data. Lakini mama, kama ameshaliona..."

Alifuta. Mimi nilikuwa nimeshampigia Salwa. Inaita, haipokelewi. Mara ya pili, haipokelewi. Mara ya tatu nikaambiwa haipatikani. Nikampigia Dorothea.

"Mwanahawa! Umenikumbuka leo, au umekosa mafuta ya alizeti?"

"Dorothea, Salwa yuko wapi?"

"Yuko shambani na mtoto. Kwani vipi? Asubuhi kuna mtu alimpigia, akanyamaza, akakata. Tukasema amekosea namba."

"Hajakosea. Ni Hanifu. Anajua yuko kwako."

Nikasikia anaweka kitu chini. "Mlali nzima wananijua kwa mashine yangu ya alizeti," akasema. "Akishuka stendi akauliza, ataletwa mpaka mlangoni. Kata simu, nakwenda shambani."

Nilikaa pale kibaoni saa nne nzima. Rehani alinipa maji, yakanishinda.

Dorothea alipopiga, alikuwa anahema. Aliwaondoa Salwa na mtoto shambani kwa njia ya korongoni, akawapeleka moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Aliporudi kwake, Hanifu yumo uani na nondo mkononi, amempindulia magunia yote. Dorothea akapiga yowe, wanaume wa jirani wakaja wakamdaka Hanifu. Polisi wamemchukua, naye Dorothea amerudi kwa mtendaji aliko Salwa.

"Nipe niongee na Salwa," nikasema.

Alipopokea, sauti yake haikutetemeka. "Mama, kesho nitaondoka hapa. Polisi wakimwachia, atarudi."

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Sikwambii. Na namba sikupi. Nitakupigia mimi."

"Mimi mama yako, Salwa!"

"Ndiyo, mama. Namba yako ninayo kichwani."

Hupiga Ijumaa, kila mara kwa simu ya mtu mwingine. Ijumaa mbili zilizopita hajapiga.

Kwa hiyo mama mwenzangu, usifanye haya:

Usikubali imeli ya fundi. Ufunguliwe yako, kwa jina lako.

Usimwachie mtu neno lako la siri, hata kama anakuita mama.

Usiandike jina la mtu pamoja na mahali alipo.

Usichukue simu yenye majina usiyoyajua ukanyamaza. Uliza palepale.

Usikimbilie kwa fundi kwa maneno ya bombani.

Usiache namba ya mwanao ikakushinda kuishika kichwani.