Gari Lisilonguruma

Kwa watu waliotoka Kasongo wakaishi Likasi, mji wa Katanga, gari halinunuliwi mpaka Maneno aweke sikio. Hiyo si sheria ya serikali wala ya msikiti, lakini jaribu kuivunja uone. Anaitwa Maneno, dereva wa malori tangu ujana wake, anakuja bila haraka, anaweka kiganja juu ya boneti, anafumba macho, anasema, "Wakisha." Injini inanguruma, watu wote kimya. Akikunja uso, rudi nyumbani na pesa zako. Akicheka, lipa. Gari la imamu lilipita kwenye sikio hilo, na teksi nyingi unazoziona mjini pia, na hakuna aliyewahi kujuta. Kweli, yuko mmoja aliyejuta, lakini huyo alinunua kwanza ndipo akamwita, kwa hiyo tusimhesabu.

Mwanvua, mdogo wake, alikua akijivunia sikio hilo kama wengine wanavyojivunia nyumba ya ghorofa. Maneno ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Mwanvua alimwita Yaya, kama Wakatanga wanavyomwita ndugu mkubwa, na hakuwahi kufanya jambo zito bila neno lake. Na sasa jambo zito lilikuwa lake mwenyewe: alitaka kununua gari.

Usimcheke. Tangu alipofiwa na mumewe, Mwanvua alikuwa akinunua nyanya, vitunguu na samaki huko Kapolowe na kuviuza sokoni Likasi. Miaka yote hiyo alipanda juu ya magunia katika magari ya watu, akibembeleza madereva ambao walimwacha barabarani kila walipopata abiria mwenye mfuko mnene kuliko wake. Nyanya hazijui kusubiri. Alizika mitaji mingi kando ya barabara ile. Katika ukoo wao walikuwapo madereva tele, lakini mwenye gari hakuwapo hata mmoja, na mwanamke mwenye gari ndiyo kabisa. Pesa ilikuwa tayari. Gari pia alikwisha kulichagua, bila kumwambia mtu: gari dogo la rangi ya fedha, lililotoka Japani na usukani wake upande wa kulia, moja ya yale yanayotembea kwa petroli na kwa umeme. Wenyewe wanaliita hybride.

Hakulichagua kwa sababu linang'aa. Alikuwa na rafiki Lubumbashi, Josée, mwanamke aliyekuwa akiendesha teksi ya aina hiyohiyo. Mwanvua alipanda kwa Josée, akauliza, akachungulia, akauliza tena mpaka Josée akasema amechoka. Aliona jinsi mafuta yanavyokwenda polepole. Alijua pia ugonjwa wake, maana kila gari lina ugonjwa wake: betri kubwa iliyo nyuma ya kiti, na kitundu kidogo kinachoipa hewa. Vumbi likiziba pale, betri inachemka na kufa, na kuizika ni gharama.

Basi siku aliyompeleka Yaya kwenye uwanja wa Alphonse, muuza magari, habari ilikuwa imetangulia. Madereva, waosha magari na wapita njia walikuwa wamekwisha kusimama, maana sikio la Maneno ni tamasha, tena halina kiingilio.

Maneno alimsalimu Alphonse, akalizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Akafumba macho.

"Wakisha," akasema.

Alphonse alikuwa amelionyesha gari kwa wateja tangu asubuhi, kwa hiyo injini ilikuwa na moto wake na gari liliweza kuamka kwa umeme peke yake. Akaingia, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Taa ndogo ikawaka ndani. Kimya.

Maneno akangoja. Kuku alipita. Mtu mmoja akakohoa.

"Alphonse, nilisema wakisha."

"Mais papa Maneno, inawaka."

"Inawaka wapi?"

"Iko inawaka tayari. Njo vile iko, haiseme."

Kicheko kilianzia kwa waosha magari. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini kicheko hakina haja ya ubaya ili kimuumize mtu. Maneno alifumbua macho akatazama kiganja chake kilichokuwa bado juu ya boneti, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Mwanvua alitamani ardhi ipasuke. Hakuwahi kuona watu wakimcheka kaka yake mbele ya gari.

"Mwanvua, tuende," Maneno akasema. "Motoka yenye haiseme, utajua je kama iko na ugonjwa? Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Yaya, na debe tupu je? Si njo inavuma sana?"

Watu wakapiga makofi. Naye Mwanvua akajuta papo hapo, kwa kuwa methali ilikuwa nzuri lakini ilimpata mtu asiyestahili.

Alphonse, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akamsogelea. "Maman, mwenye makuta ni weye. Ukiitaka, beba."

Alisema kweli, pesa zilikuwa zake, na ukweli huo ndio uliomkaba Mwanvua. Angeweza kulipa saa ile ile. Gari alilijua kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Lakini akilipa sasa, mbele ya vicheko vile, kesho mji mzima utasema sikio la Maneno limekufa, na aliyeliua ni mdogo wake. Asipolipa, atarudi juu ya magunia ya watu. Alitaka gari lile. Alimtaka pia kaka yake, mzima, na heshima zake zote.

Kwanza akafanya lililo lake. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akabandua kifuniko cha kile kitundu kando ya kiti. Ndani kulikuwa na vumbi jembamba, la kupuliza tu. Akapuliza. Akamwomba Alphonse awashe kioo cha dashibodi, akaangalia alama za betri kama Josée alivyomwonyesha, zikipanda na kushuka taratibu bila kurukaruka. Akakiangusha kiti ili aone magunia yatakaa wapi yasizibe hewa. Maneno alisimama mbali akimtazama.

"Yaya," Mwanvua akasema alipoinuka, "kamata volant. Tufike njia ya Kambove, turudi."

"Nikasikilize nini?"

"Sijue. Tuende tu."

Maneno hakumnyima. Wakatoka, Alphonse nyuma, Mwanvua kushoto, yeye kwenye usukani. Kwenye mpando injini iliamka, ikafanya kazi yake, na uso wa Maneno ukalegea kidogo kwa kusikia kitu anachokijua. Juu kabisa wakageuza. Kwenye mteremko injini ikazima yenyewe.

Alphonse akafungua mdomo aeleze. Maneno akanyoosha kidole: nyamaza.

Walishuka hivyo, na hakukuwa na sauti ila upepo na matairi. Maneno alikuwa ameinamisha kichwa upande. Kwenye kona ya kushoto akapunguza mwendo. Kwenye kona nyingine akaongeza. Kisha akasimamisha gari kando ya barabara, akageuka.

"Alphonse, roulement ya mbele, mukono wa kuume, iko inakufa." Alisema beringi ya gurudumu.

"Papa, hii motoka iko mupya! Mafundi bote balisha kuipima."

"Iko inalia. Kidogo sana. Tukikata kushoto inalia, tukikata kuume inanyamaza." Akapangusa kipaji cha uso. "Katika lori singeisikia hata mwezi muzima. Huku, wallahi, nasikia mpaka mapumuzi ya tairi."

Waliporudi uwanjani walipandisha gurudumu kwa jeki. Maneno akalizungusha kwa mkono, akamwita yule mwosha magari aliyecheka kuliko wote aweke kiganja kwenye springi. Yule akaweka, akatulia, akatoa macho. Gurudumu lilipozunguka, mkwaruzo mdogo ulipita chini ya kiganja chake. Akawaambia wenzake, nao wakaja mmoja mmoja kugusa, kama watu wanaokwenda kuhani msiba. Alphonse naye akagusa, akakubali bila ubishi kwamba atabadilisha roulement kabla ya kuuza. Hakuna aliyecheka tena.

Hapo Mwanvua alisikia fahari ikimpanda. Akadhani yamekwisha: Yaya sasa atacheka, au atakunja uso, na yeye atafuata, kama siku zote.

Maneno akanawa mikono, akaja akasimama mbele yake.

"Roulement, hiyo ni yangu, nimemaliza," akasema, tena kwa sauti iliyosikika na wote. "Ile ya batterie, miye sijue."

Mwanvua alimtazama. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia kaka yake akitamka neno hilo juu ya gari.

"Sijue," Maneno akarudia. "Nilikuona vile ulikuwa unaangalia kule nyuma. Weye unajua. Basi, mudogo wangu, amua."

Angeweza kulia, lakini pale uwanjani palikuwa na watu wengi mno. Mtu anaweza kukupa baraka zake, ukashukuru. Kukupa nafasi yake mbele ya watu waliomcheka siku ileile, hiyo ni zawadi nyingine. Mwanvua alipumua, akaangalia lile gari mara ya mwisho, kuanzia taa mpaka tairi, bila kuharakishwa na mtu.

"Naikamata," akasema.

Roulement ilipokwisha kubadilishwa walirudi kulichukua. Mwanvua alikuwa amevaa kitenge alichokuwa akikiwekea harusi. Uwanja ulikuwa umejaa tena, wengine wakidai sucré zao, yaani soda, kwa kuwa kitu kipya lazima kinyweshewe watu, na Mwanvua alikuwa amekwisha kuagiza kreti nzima. Dereva mmoja mzee, rafiki wa Maneno wa njia ya Lubumbashi, aliyekuwa safarini siku ile ya kicheko, akaja akaipiga boneti kofi la upendo.

"Maneno! Hii motoka ulichagula weye, ao?"

Alphonse aligeuka amtazame Maneno. Waosha magari walishusha chupa zao. Mwanvua aliinama akajifanya anarekebisha kiatu, maana kama Yaya angesema ndiyo, asingemkatalia, na wala asingemchukia.

"Apana," Maneno akasema. "Ni huyu mudogo wangu, Mwanvua, njo alichagula. Uliza yeye."

Kisha akafungua mlango wa kushoto, yeye ambaye tangu ujana wake hakuwahi kupanda gari na jamaa zake ila kwenye usukani, akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda. Mikono yake ilihangaika kidogo ikitafuta kitu cha kushika, halafu akaiweka magotini.

"Haya, patronne," akasema, kama dereva anavyomwita mwenye gari. "Tupeleke."