Kiinua Mgongo cha Shangazi

Shangazi alifua mashuka ya hospitali mpaka mgongo ukagoma. Asubuhi tuliyokwenda kudai pensheni yake ya ulemavu, aliingia ofisini amenyooka kama mlingoti, jasho likimtiririka.

"Shangazi, mbona unajitesa? Inama kama kawaida yako."

"Nyamaza, mtoto wa kaka! Si kinaitwa kiinua mgongo? Wakiona siwezi kuuinua, watanipa nini?"

Karani, mama wa makamo, alimsikia. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Dada yangu, kaa chini. Kiinua mgongo ni jina tu la donge la fedha analopewa anayestaafu. Wewe mwili umeshindwa kazi kabla ya kustaafu, kwa hiyo utalipwa kila mwezi. Tunatazama miaka uliyochangia na wastani wa mshahara wako."

"Kumbe ni hisani ya serikali?"

"Hisani ya nani! Kila mwezi ulikatwa kidogo, na mwajiri wako akaongeza chake. Wanaofua leo nao wanakatwa, ndiyo maana mfuko haukauki."

Shangazi akashusha pumzi ndefu, na mgongo ukarudi kupinda kama upinde. Karani akasoma ripoti ya daktari, akamtazama tena, kisha akagonga muhuri.

"Imepita. Mwezi ujao unaanza kupokea."

Mlangoni nilitaka kumshika Shangazi mkono. Akanipiga kikumbo, ameinama kuliko siku zote, meno yote nje.

"Niache niiname kwa raha zangu. Mgongo huu nimeuchangia mwenyewe!"