Birika la Mlangoni kwa Wami'kmaq

Usiku wa jana niliota niko ofisini, nasahihisha kitabu cha watoto kuhusu mataifa ya dunia. Moyoni nilikuwa na langu. Bibi yangu wa Muheza alipigwa na kiharusi, Kiswahili chote kikamtoka, akabaki na Kibondei. Mimi Kibondei sikijui. Mwezi wa pili huu sijampigia simu, kwa aibu tu.

Ukurasa wa watu wa Mi'kmaq ukakohoa. Tahajia nne za jina lao zikateremka mezani, zimevaa makoti, kila moja inadai ndiyo halali. Ile iliyoandikwa na mapadri wamisionari ilijiona kweli kweli.

"Jamani, foleni!" nikafoka.

Zikapanga foleni. Foleni inasonga, nami nimo, na sakafu ni theluji. Tuko Kanada, pwani ya mashariki, mbele ya mlango usio na nyumba. Bawabu ni birika.

"Ala! Birika linasema?"

"Kwa sarufi ya lugha ya hapa nahesabiwa pamoja na walio hai," linanijibu. "Kwenu je?"

"Kwetu unachemsha chai."

"Pole."

Tahajia zikajitaja moja moja kwa sauti. Mlango haukufunguka. Nikatoa kitambulisho cha taifa.

"Tia mfukoni, dada," likasema birika. "Hapa mtu haulizwi anaandikwaje. Anaulizwa ni wa nani. Hata hilo jina, wapo wanaosema tulikuwa tukiitana 'jamaa zangu', wageni wakasikia, wakaandika. Haya, wewe wa nani?"

Nikarudisha kitambulisho mfukoni. "Mimi Siwema binti Mhina. Mjukuu wa Mwanamvua wa Muheza. Nimemkimbia."

Mlango ukafunguka. Ndani ni chumba cha bibi, naye kakaa kitandani. Akaniuliza jambo kwa Kibondei. Nikamjibu kwa Kibondei, tena kwa mbwembwe. Nilisema nini, sijui. Alicheka hadi kanga ikamdondoka, nami nikalia kama mtoto.

Asubuhi simu ikaniamsha. Shangazi, anayemuuguza bibi.

"Wee Siwema! Mama analalamika huku. Anasema mmezungumza weee, halafu umeondoka hujanywa chai. Ulikuja saa ngapi?"

"Shangazi, mimi niko Dodoma."

"Basi mweleze mwenyewe, huyu hapa."

Nikamsikia bibi anavyohema. Katika maneno yote ya ndotoni nilibakiwa na moja tu, lile la kumwita bibi. Nikalisema.

Akaitika.