Figo za Uwase

Uwase alimtazama mwanawe mchanga kama anayetazama kitu kilichookotwa. "Mama, huyu mutoto ni wa nani?"

Kabatesi alimsogezea mtoto karibu. "Ni wako. Wewe ndiye ulimuzaa, juma hii hii."

"Hapana. Mumurudishe kwa mama yake."

Homa ilikuwa imempanda siku iliyotangulia. Nyumbani kwa Kabatesi, Mahoko nchini Rwanda, wakadhani ni maziwa yanaanza kushuka. Sasa midomo ilikuwa ya kijivu, naye anahema kama aliyekimbizwa. Kabatesi, aliyezoea kuvuka mpaka hadi Goma na viazi vyake bila kumwogopa askari yeyote, alimfunga mjukuu kifuani akatoka barabarani akipiga mayowe mpaka gari likasimama.

Hospitalini Gisenyi, Uwase aliingizwa moja kwa moja katika chumba cha mahututi. Daktari Cyiza, mwanamke aliyekulia Tanzania, hakumficha Kabatesi kitu.

"Mama, vijidudu vilianzia kwenye kizazi, sasa vimeingia kwenye damu. Presha imeshuka, na figo zimeacha kufanya kazi."

Alionyesha mfuko wa mkojo uliotundikwa kando ya kitanda. Ndani mlikuwa na matone machache tu, meusi kama chai iliyolala.

"Na maji yote mulimutilia kwa mushipa, inaenda wapi?"

"Yanabaki mwilini."

Kabatesi aliona. Kila alipoingia, uso wa bintiye ulikuwa umevimba zaidi, hadi akawa anamtambua kwa kovu la kidevuni tu. Akaogopa kuingia, na akaogopa zaidi kukaa nje.

Jean-Luc, mume wa Uwase, alifika kutoka Goma daktari alipokuwa akizungumzia mashine ya kusafisha damu.

"Mashine? Jamais! Hata siku moja!" alisema. "Tantine yangu, dada ya baba, walimufunga kwa ile mashine. Tulimutoa hospitali akiwa ndani ya sanduku ya maiti."

"Bila mashine, sumu iliyopaswa kutoka na mkojo itausimamisha moyo wake," Cyiza alijibu. "Kwa mashine pia anaweza kufa. Lakini figo zilizoangushwa na maambukizi mara nyingine huamka. Tunazisaidia huku tukizingoja."

Jean-Luc akageukia ukuta. Kabatesi akamshika mkono.

"Woga yako, na mimi niko nayo. Lakini woga haisafishi damu ya mutu. Kubali, mwanangu."

Jean-Luc alikubali kwa sauti isiyosikika vizuri.

Damu ya Uwase ilipoanza kutoka kupitia mrija mwekundu, Kabatesi alimbana mjukuu hadi mtoto akalia. Mara mashine ikapiga kelele. Wauguzi wakakimbia, mmoja akasema presha inaanguka, mwingine akawasukuma nje na kufunga mlango. Jean-Luc alipiga magoti. Kabatesi hakuweza hata kuomba. Alitega sikio tu, akijaribu kusikia kama mashine bado inapiga kelele.

Cyiza ndiye aliyefungua. "Presha imetulia. Bado yuko nasi."

Ilipita zaidi ya wiki, damu ikisafishwa tena na tena, kabla mkojo haujaanza kutoka, kidogo kidogo, hatimaye wa manjano. Uwase akafumbua macho, akaomba aletewe mwanawe, akamwita kwa jina lake. Daktari alionya kwamba figo bado ni dhaifu, na kwamba huenda zisirudi kama zilivyokuwa.

Kabatesi aliitikia kila neno, akashukuru, akatoka hadi ukumbini. Hapo ndipo mwili ulipoanza kutetemeka kwa woga alioubeba siku zote hizo, meno yakigongana mchana kweupe, asiweze kujizuia hata Jean-Luc alipomfunika koti lake.