Imelda Hashuki na Marobota

"Hapana! Nimesema hapana!" Nilimfokea yule mlinzi mpya mpaka machozi yakanitoka. Imelda, rafiki yangu wa Bukoba, mnunuzi wa viatu, alikuwa amefariki alfajiri kwa presha chumbani kwake, ghorofa ya tisa ya jengo letu hapa Sanyuanli, Uchina, na mtu huyu ananionyesha lifti ya mizigo! Ati maiti ipite huko. Kwetu maiti haitolewi mlango wa uani, lakini halikuwa hilo tu.

Mwaka uliotangulia, tisini na saba, Mwafrika hakuruhusiwa lifti ya mbele. Kibao kilituelekeza nyuma, tukapande na marobota. Imelda akakataa. Aliburuta robota lake la viatu, akaliweka katikati ya mlango wa lifti ya mbele, akalikalia. Mlinzi wa wakati ule akamvuta mpaka blauzi ikachanika, hakuinuka. Ussi, mfanyabiashara wa Unguja, akamnong'oneza, "Dada, mgeni kuku mweupe."

"Basi na kuku mweupe apande lifti," akajibu.

Kesho yake akarudi palepale. Akatupitia Watanzania chumba kwa chumba: asinunue mtu humu. Tukawa tunanunua jengo la jirani, na malaobani, wale wenye maduka ya chini humu, wakabaki kufuta vumbi viatu visivyouzika. Hatimaye wakakibandua kibao wenyewe.

Sasa nimwache ashushwe na marobota? Thubutu!

Mlinzi akachoka nami, akatupisha. Lo, machela haikuingia! Lifti ilikuwa finyu, na Imelda alikuwa mrefu. Wabebaji wakaanza kugeukia nyuma.

"Msimamisheni," nikasema.

Salvatory, mdogo wake, akamfunga kwa kanga kwenye machela. Tukaiinua wima. Nikamkumbatia kiunoni asiyumbe, kichwa chake kikanilalia begani, kizito, cha baridi. Ee Mungu wangu, Imelda! Nilitamani lifti isifike chini.

Mlango ukafunguka. Wasichana wawili wa Kitanzania, wageni mjini, walikuwa wanangoja na mifuko yao.

"Shikamoo mama. Poleni," wakasema, wakasogea.

Tulipotoka wakaingia, wakabonyeza, wakapanda. Hakuna aliyewazuia, wala hawakujua wamempisha nani. Hapo ndipo nikaangua kilio.