Askofu wa Kona ya Pili

"Dulo, cheza basi, au tukuletee mto?" alisema kapteni wa mtaa, na saluni nzima ikacheka.

Teodulo hakucheka. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyecheza meza ya kwanza, ya mchezaji bora, kwa mtaa wao huko Malabon, Ufilipino, kwenye mashindano ya sataranji ya fiesta, sikukuu ya mtaa, na mchezo wake ulijulikana. Katikati ya ubao anakuachia ujitanue. Askofu wake anamficha konani, upande wa mfalme, nyuma ya askari aliyesogea hatua moja tu, naye hutulia huko kama paka chini ya meza ya samaki. Ukishajitanua, ndipo anakumaliza kutoka mbali.

Leo nafasi hiyo ilikuwa inagombewa na Isagani, kinyozi wa kiti cha pili katika saluni yake, ambaye Teodulo mwenyewe ndiye aliyemwajiri. "Mwizi yule," Teodulo alikuwa amemwambia mkewe asubuhi. "Kaanza na wateja, sasa anataka na mchezo wangu." Kwa wivu akaiacha kahawa yake nusu.

Lakini askofu wa Isagani alikwenda kona ya pili, upande wa malkia, na kutoka huko akaukata ubao mshazari hadi kwa askofu wa Teodulo na mfalme aliyejibanza nyuma yake. Maaskofu wakatazamana.

Ilitakiwa kuziba njia kwa askari na kungoja. Teodulo alilijua hilo. Wangapi amewaambia kwamba askofu yule ni mlango wa nyumba, haubadilishwi kwa kitu. Ila kumtazama mwenzake akitamba na kilicho chake kulimshinda. Akamla askofu wa Isagani. Isagani akamla wake kwa malkia, na mlango ukabaki wazi. Hatua tisa baadaye mfalme wa Teodulo hakuwa na pa kukimbilia.

"Nani kakufundisha kumweka kule?" Teodulo aliuliza.

"Wewe, Kuya," Isagani alijibu, akimwita kaka kama kawaida yake.

"Mimi simweki kule hata siku moja."

Isagani alijikuna shingo. "Ukicheza, mimi niko na kichwa cha mteja, nimekupa mgongo. Miaka miwili nakuangalia kwenye kioo. Kumbe kinageuza kulia kuwa kushoto."

Kapteni aliandika jina la Isagani kwa meza ya kwanza, kisha akajitupa kwenye kiti cha Teodulo anyolewe ndevu. Nyuma yao watu walishaanza kupanga kete upya, Isagani katikati yao. Teodulo alijiapiza kwamba hatatazama. Akapaka povu, akaweka wembe shingoni mwa kapteni, akainua macho kwenye kioo, kidogo tu, aone mkono wa Isagani unaelekea kona ipi, na wembe ukasimama.

"Dulo," kapteni alisema bila kusogeza kidevu, "endelea basi."